Rudolf Diesel: Mvumbuzi ambaye jina lake hunguruma Bonde la Ufa kila alfajiri

SAA kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya vilima vya Mau na umande ukidondoka kutoka kwenye maturubai, milio ya stata huanza kusikika katika vituo vya malori vya Salgaa, Mau Summit na Timboroa, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret.

Baadhi ya malori hunguruma mara moja. Mengine hukohoa, yakatoa moshi mweupe, kisha yakanyamaza. Dereva hujaribu tena na tena huku utingo akishuka kutazama injini kwa mwanga wa tochi.

Kwa mwenye lori, huo si mzaha. Viazi vya Molo, maziwa ya Ol Kalou na kabeji za Kinangop ni bidhaa zisizongoja mtu. Anayechelewa kufika sokoni Nairobi hukuta bei imeshuka, na maziwa yaliyochacha hayana mnunuzi.

Neno linalotajwa sana asubuhi kama hizo ni dizeli. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa jina la mafuta, lilikuwa jina la mtu: Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka wa 1858 na kutoweka baharini mwaka wa 1913 katika mazingira ambayo hadi leo hayajaelezwa kikamilifu.

Kuyafahamu maisha ya mtu huyu si suala la historia pekee. Anayeelewa alichokuwa akitafuta Diesel huelewa pia kwa nini lori lake linagoma kuwaka asubuhi ya baridi, na huacha kutupa pesa kwa kubadilisha vipuri ambavyo havina makosa.

MTOTO WA VITA

Rudolf Christian Karl Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani waliohamia huko kutafuta riziki. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, kazi iliyokidhi mahitaji ya nyumbani lakini haikuleta utajiri.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, familia hiyo, kama Wajerumani wengine wengi, ililazimika kuondoka Ufaransa. Walikimbilia London, na maisha huko yakawa magumu.

Hata kabla ya vita kumalizika, wazazi waliamua kumtuma Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, kwenda mjini Augsburg, Ujerumani, akalelewe na jamaa zao. Mwenyeji wake, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati.

Huko ndiko kijana huyo alikojua anachotaka maishani. Aliwaandikia wazazi wake akiwaarifu kwamba atakuwa mhandisi. Mwaka wa 1873 alimaliza masomo ya shule ya ufundi akiwa wa kwanza darasani, na miaka miwili baadaye akapata ufadhili wa kujiunga na chuo cha ufundi cha Munich.

Chuoni alikutana na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kuzalisha baridi. Mwaka wa 1879 Diesel aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wake wa mwisho. Alipokuwa akisubiri mtihani mwingine alikwenda Uswisi kujifunza kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur. Alirejea, akaufanya mtihani na kufuzu Januari 1880 kwa alama za juu kabisa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mjini Paris, katika kiwanda cha barafu cha mwalimu wake Linde. Hivyo basi, mtu ambaye injini yake ingesifika kwa kutumia joto kuliko nyingine zote alianza maisha ya kazi akitengeneza baridi. Elimu ya barafu na elimu ya injini ni ndugu: zote mbili huchunguza jinsi joto linavyosafiri na jinsi hewa inavyobadilika inapobanwa au kuachiliwa.

Mwaka wa 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu: Rudolf, Hedy na Eugen. Mwaka wa 1890 familia hiyo ilihamia Berlin.

UBADHIRIFU WA MVUKE

Katika miaka hiyo, viwanda, meli na magarimoshi ya ulimwengu yalitegemea mvuke. Diesel alifahamu kwamba injini ya mvuke ilikuwa badhirifu kupita kiasi. Kati ya kila magunia kumi ya makaa yaliyochomwa, joto la takriban magunia tisa lilipotea hewani bila kufanya kazi yoyote.

Alijaribu kwanza kutumia mvuke wa amonia badala ya maji. Jaribio hilo nusura limuue, kwani mtambo ulilipuka, naye akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa.

Alipopata nafuu aligeukia hewa ya kawaida. Anayepuliza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono huhisi pampu ikipata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alijiuliza ingekuwaje iwapo hewa ingebanwa ndani ya silinda hadi iwe moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe, bila cheche na bila kiberiti.

Alituma ombi la hataza mwezi Februari 1892, na akapewa hati hiyo mwaka wa 1893. Mwaka huo huo alichapisha kitabu cha kueleza nadharia yake, na kampuni mbili kubwa za Ujerumani, kiwanda cha mitambo cha Augsburg na Krupp, zikakubali kugharimia majaribio.

Ni haki kusema hakuwa peke yake katika uwanja huo. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa tayari amesajili mwaka wa 1890 injini ya kutumia mafuta mazito. Hata hivyo, kabla ya injini hiyo kuwashwa, sehemu ya kichwa chake ilibidi ipashwe moto kwa taa kutoka nje. Diesel alitaka injini ambayo ingejipatia moto wake kwa nguvu ya kubana hewa tu.

Mnamo Agosti 10, 1893, injini ya kwanza ya majaribio ilizungushwa mjini Augsburg na mafuta yakaingizwa. Mlipuko uliotokea ulikivunja kifaa cha kupimia shinikizo na vipande vikaruka pembeni. Diesel alinusurika. Injini haikuwa imeenda, lakini alikuwa amethibitisha jambo moja: mafuta huwaka kwa kubanwa kwa hewa.

Februari 17, 1894, injini iliyorekebishwa ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa takriban dakika moja. Iliwachukua wahandisi miaka mingine mitatu kuifanya iaminike. Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi na kupata kwamba iligeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mtambo mwingine wa wakati huo uliokaribia kiwango hicho.

KWA NINI LORI HUGOMA

Hapa ndipo msomaji wa Nakuru anapopaswa kusimama kidogo, kwa maana kanuni iliyothibitishwa Augsburg ndiyo hiyo hiyo inayotumika ndani ya lori lililoegeshwa Salgaa.

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya 16 au zaidi ya ukubwa wake wa awali. Hewa hiyo hufikia joto la nyuzi 500 za selsiasi au zaidi. Wakati huo huo nozeli hunyunyiza mafuta kama ukungu, nayo huwaka.

Kwa hivyo injini hiyo inahitaji mambo matatu: hewa ibanwe barabara, izungushwe kwa kasi ya kutosha, na mafuta safi yafike kwa wakati yakiwa yamenyunyizwa vyema. Kukosekana kwa jambo moja kunatosha kuifanya igome.

Asubuhi ya baridi huyahujumu yote kwa pamoja. Hewa inayoingia ni baridi, hivyo hata ikibanwa haifikii joto la kawaida. Chuma cha silinda nacho ni baridi na hunyonya joto lililopatikana. Oili huwa nzito na kuizuia injini kuzunguka, ilhali betri hupoteza sehemu ya nguvu zake. Injini inayozunguka polepole huipa hewa nafasi ya kuvuja na kupoa kabla ya mafuta kuwaka.

Kuna pia suala la mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa inapita mita 2,700. Katika kimo cha Timboroa, shinikizo la hewa huwa pungufu kwa zaidi ya robo likilinganishwa na Mombasa. Lori lililowaka bila shida bandarini linaweza kusumbua likilala milimani.

Pamoja na hayo, baridi yetu si ya kuvunja injini nzima. Katika nchi kama Canada, malori huwashwa katika nyuzi 20 chini ya sufuri, na huko dizeli yenyewe huweza kuganda. Milima ya Bonde la Ufa haijulikani kwa baridi ya kiwango hicho. Ikiwa lori linashindwa kuwaka Molo katika nyuzi saba au nane, basi mara nyingi baridi si mshtakiwa bali ni shahidi. Imefichua ubovu uliokuwapo tangu zamani, ambao joto la mchana lilikuwa likiuficha.

KUUSOMA MOSHI

Fundi mzoefu hakimbilii kufungua injini. Kwanza husikiliza stata, kisha hutazama bomba la moshi.

Stata ikizunguka kwa uchovu, lawama iko upande wa umeme. Malori mengi makubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24, na betri moja ikizeeka huivuta mwenziwe chini. Mara nyingi kosa ni dogo zaidi: ncha za betri zimeota ukungu wa kijani au mweupe, au waya wa kwenda kwenye chesisi umelegea. Kuzisugua na kuzikaza ni kazi ya dakika chache.

Stata ikizunguka kwa kasi lakini bomba lisitoe moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Hapo huchunguzwa chujio lililoziba, maji yaliyokusanyika chini ya chujio, au hewa iliyoingia katika mabomba kupitia kiungo kilicholegea. Lori linalowaka vyema jioni na kugoma alfajiri mara nyingi lina mwanya mdogo unaoyaruhusu mafuta kurudi kwenye tangi usiku kucha. Ikiwa pampu ndogo ya mkono ikipigwa na hewa kutolewa injini huwaka, basi mwanya huo utafutwe na kuzibwa. Kupiga pampu kila asubuhi si tiba.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi una habari tofauti. Mafuta yanafika, ila hayawaki kwa kukosa joto. Ikiwa ni gari dogo au lori jepesi lenye plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita, huenda baadhi zimeungua. Dereva naye awe na subira: taa ya njano ya hita ikiwaka kwenye dashibodi, asubiri izime kabla ya kupiga stata. Malori mengi makubwa hayana plagi hizo; mengine yana kipashio katika njia ya hewa, na mengine hutegemea ubanaji wa hewa pekee.

Ikiwa hita ni nzima, stata ina kasi na mafuta yanafika, lakini moshi mweupe unaendelea hadi injini ipate moto, basi nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza, au ringi za pistoni na vali zimechakaa. Shinikizo la silinda lipimwe kabla ya senti yoyote kutumika kwa jambo jingine. Hapo ndipo gharama huwa kubwa, na ndipo methali ya wahenga kuhusu asiyeziba ufa kujenga ukuta hupata maana kamili.

Wapo madereva ambao huwasha tambara lenye mafuta na kuliweka kwenye mdomo wa bomba la hewa, au kuchoma moto chini ya injini. Wengine hunyunyiza etha kwenye injini yenye hita, nayo hulipuka mapema na kuvunja pistoni. Mambo hayo yanaweza kuteketeza lori pamoja na aliyelala ndani.

Hatari nyingine ni kuegesha lori mteremkoni ili liwashwe kwa kuachiliwa. Injini ikiwa imezima, usukani huwa mzito na hewa ya breki haiongezwi. Kwenye miteremko ya Salgaa na Sachangwan, ambako ajali zimewaua watu wengi, hilo ni kucheza na maisha ya wengine.

SIFA NA MADENI

Mwaka wa 1897 ulipokwisha, Diesel alikuwa mtu mashuhuri. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alinunua haki za kutengeneza injini hiyo nchini mwake kwa alama milioni moja za Ujerumani. Mikataba mingine ilifuata kutoka mataifa ya Ulaya.

Miongoni mwa wateja wa kwanza kabisa, mwaka wa 1898, kulikuwa na kiwanda cha viberiti cha mjini Kempten. Ni kinaya kwamba watengenezaji wa viberiti walikuwa wa kwanza kununua injini isiyohitaji kiberiti.

Hata hivyo, matatizo hayakukawia. Injini za mwanzo ziliharibika mara kwa mara mikononi mwa mafundi wasiozielewa. Wanunuzi walilalamika, na wapinzani walipinga hataza yake mahakamani. Diesel, ambaye alikuwa mtu wa kujitesa kwa kazi, alianguka kwa uchovu wa akili mwaka wa 1898 na kupelekwa kupumzishwa.

Mwaka wa 1900 injini yake ilituzwa zawadi kuu katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris, mji uliomfukuza akiwa mtoto. Katika maonyesho hayo, injini moja iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Wazo hilo lilitokana na serikali ya Ufaransa, iliyofikiria makoloni yake ya Afrika ambako njugu zililimwa kwa wingi. Baadaye Diesel mwenyewe aliyafanyia utafiti mafuta ya mimea, na mwaka wa 1912 alieleza hadharani kwamba siku moja yangeweza kuwa na umuhimu kama ule wa petroli na makaa.

Katika miaka hiyo hiyo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikikata Bonde la Ufa, ikipita Nakuru na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Ilivutwa kwa mvuke. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa injini za dizeli kuushinda mvuke katika reli hiyo, na leo mitambo ya zamani ya Garratt huonekana katika makumbusho ya reli, Nairobi. Treni za reli mpya ya kisasa, zilizoanza safari mwaka wa 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, zinavutwa kwa dizeli.

Diesel hakuwa na kipaji cha biashara kilicholingana na kile cha uhandisi. Alijenga jumba la fahari mjini Munich, akawekeza katika visima vya mafuta na ardhi, na sehemu kubwa ya mali hiyo ikapotea. Mwaka wa 1903 alichapisha kitabu cha kupendekeza wafanyakazi wamiliki viwanda kwa ushirika, lakini hakikupata wasomaji wengi.

Wakati injini zake zilipokuwa zikienea duniani, yeye alikuwa akizama katika madeni. Mwaka wa 1912, meli ya Selandia iliyoundwa Denmark ilivuka bahari hadi Mashariki ya Mbali kwa injini za dizeli, na wenye meli ulimwenguni wakatambua kwamba siku za makaa zilikuwa zikihesabika.

USIKU WA MWISHO

Jioni ya Septemba 29, 1913, Diesel alipanda meli ya Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni iliyotengeneza injini zake. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Alikula chakula cha jioni na wenzake, na mnamo saa nne usiku akaenda chumbani mwake baada ya kuomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kulipokucha, chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilipatikana vimekunjwa vizuri karibu na ukingo wa nyuma wa meli.

Siku kumi baadaye, mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliona maiti ikielea. Bahari ilikuwa imechafuka na mwili ulikuwa umeharibika, hivyo walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe, Eugen, alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari, Diesel alikuwa amemwachia mkewe mkoba na kumwagiza asiufungue hadi wiki moja ipite. Ndani yake mlikuwa na alama 200,000 taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zake za benki zilikuwa karibu tupu. Katika shajara yake, tarehe ya Septemba 29 ilikuwa imetiwa alama ya msalaba.

Wengi wa waandishi wa maisha yake wanaamini kwamba alijitoa uhai. Wengine wamedai aliuawa, ama na majasusi waliohofia injini za nyambizi kuwafikia Waingereza, ama na wenye visima vya mafuta. Madai hayo hayajawahi kupata ushahidi wa kutosha.

WALIOIMALIZIA KAZI

Mvumbuzi huyo hakuishi kuona lori la dizeli barabarani. Injini zake zilikuwa kubwa mno, na ziliingiza mafuta kwa pampu nzito ya hewa. Ni baada ya kifo chake ambapo pampu ndogo za kusukuma mafuta moja kwa moja ziliboreshwa. Malori ya kwanza ya dizeli yalijitokeza nchini Ujerumani mwaka wa 1923 na 1924, na kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutengeneza pampu hizo kwa wingi mwaka wa 1927.

Kutoka hapo injini hiyo ilifika kila mahali. Katika vijiji vingi vya Kenya, wazee wanakumbuka mlio wa injini za Lister zilizosaga mahindi ya wanakijiji, zikizungushwa kwa mkono. Leo matrekta yanayolima mashamba ya ngano ya Njoro na malori yanayopeleka shehena Uganda, Rwanda na mashariki mwa Congo yanategemea kanuni ile ile.

Pampu hizo, hata hivyo, ni vifaa vya usahihi mkubwa, na hulainishwa na dizeli yenyewe. Ndiyo maana mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa ni sumu kwake. Uchakachuaji huo ulikithiri nchini kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Dereva aliyenunua mafuta ya bei nafuu kando ya barabara huenda asione athari siku hiyo. Ataiona baadaye, asubuhi ya baridi, pampu ikiwa imechakaa na stata ikizunguka bure.

Tiba kwa wenye malori ya Bonde la Ufa haihitaji miujiza. Oili ya daraja linalopendekezwa na mtengenezaji, betri zinazokaguliwa kabla ya msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, chujio linalobadilishwa kwa wakati, maji yanayomwagwa kutoka kwenye kitenganishi na tangi linalojazwa jioni ili unyevu usigeuke maji usiku, yote hayo yana gharama ndogo kuliko shehena moja ya viazi iliyooza.

Rudolf Diesel alitumia maisha yake akipigana na upotevu wa joto, akashinda vita hivyo, kisha akashindwa kuokoa mali yake na nafsi yake. Aliacha mjane, watoto watatu, na injini ambayo bado inalisha miji.

Alfajiri ya kesho, Timboroa na Molo, stata zitalia tena. Lori litakalowaka kwa mpigo mmoja litakuwa limethibitisha upya kile alichokiona Diesel mjini Augsburg mwaka wa 1893. Na litakalogoma litakuwa linamwambia mwenyewe, kwa moshi au kwa kukosa moshi, ni kitu gani kinachohitaji kurekebishwa.